Zena, Ule Utani wa Msibani Nilioutoa Kwenye Blogu

Mpendwa mwanangu Zena,

Asalaam aleikum mwanangu. Mimi mama yako sijambo, mgongo tu ndio unanisumbua asubuhi, ukishapata joto unaniacha. Sijui wewe. Sijui mshono umekauka au bado unavuta ukiinuka. Mtoto ananyonya? Analala? Mumeo Idrisa hajambo, na mama mkwe wako aliyekuja kukulea uzazi naye? Nisalimie wote wa huko Kigoma, mmoja mmoja, usimruke mtu.

Huku Magomeni wote wazima. Ndugu yako Shomari hajambo, anaenda Kariakoo asubuhi, jioni anarudi na vumbi lake. Mkewe Rehema hajambo, anasema ile doti ya kanga uliyomletea hajaikata, anakungoja uje muivae wote wawili. Mtoto wao Salum ameota meno ya mbele, kila mgeni anayepita lazima afunuliwe mdomo aone. Bi Tatu mwenye nyumba hajambo, miguu inamsumbua lakini maneno yake unayajua, hayo hayaugui. Mama Neema wa chumba cha mbele hajambo, amekusanya nguo alizovaa Neema akiwa mchanga, kazifua, kazikunja, kaziweka kwenye mfuko zinamngoja mwanao. Chumba cha marehemu baba yako tunakifagia, dirisha tunalifungua asubuhi na kulifunga magharibi. Wote wanakusalimu sana. Salamu nimezirefusha kwa sababu nikishazimaliza sitakuwa na pa kujificha tena.

Nakuandikia hapa hapa kwenye blogu, mahali kila mtu anapopita akasoma. Shomari aliniambia nikupigie, nikamwambia simu yangu hupokei. Akasema basi nikutumie ujumbe wako peke yako, asiuone mtu. Nimekataa. Nilikuaibisha mbele za watu, siwezi kuja kukuomba radhi kwa kunong'ona nyuma ya mlango. Mwenye kusoma na asome. Shomari alitaka pia aninyooshee maneno, nalo nimekataa. Ukiona nimekosea kuandika, ujue ni mimi mwenyewe, na kidole changu kimoja.

Unaikumbuka siku tuliyoianzisha hii blogu? Ulikuja Idi, tumbo lako bado halijaonekana, tumekaa uani tunachambua mchele. Nilikuwa nakusimulia habari za yule mama wa Kihindi anayenunua binzari kwenye meza yangu ya viungo Kariakoo, jinsi anavyochukua chembe moja anaipaka kiganjani, anaifuta kwa kidole, halafu anaitazama rangi iliyobaki kama daktari, ndipo aulize bei. Uliacha kuchambua ukaniangalia. Ukasema, "Mama, maneno yako yote haya yanaishia hapa uani. Tuyaandike."

Nilicheka. Mimi na darasa la nne langu niandike nini, na nani akae asome? Baba yako alikuwa amekaa mlangoni kwake anakwaruza funguo kwa tupa, akadakia bila kuinua kichwa, akasema Mzaramo akipewa kuandika ataandika ngoma tu, mwanzo mpaka mwisho. Nami nikamwambia Mnyamwezi anyamaze, pagazi aliyekuja pwani kwa miguu na mzigo wa watu kichwani hana lake kwenye mambo ya simu. Mkacheka wote wawili, na cheko lenu ni moja, mnaanza kimya kimya na mabega.

Ukachukua simu yangu. Ukaniuliza tuiite jina gani, nikasema Viungo vya Mama Shomari, ukasema hapana, watu watadhani wanakuja kununua. Tulizunguka na majina mpaka maji ya wali yakachemka. Mwisho ukasema iitwe Uani kwa Mama Shomari, maana ndiko maneno yanakotoka. Ukanionyesha pa kuandikia, pa kubonyeza ili andiko litoke, na pa kulifutia. Hapo pa kufutia sikupashika vizuri. Nimepajua juzi, nikiwa nalia.

Uliporudi Kigoma nilibaki na ule weupe wa kwenye simu, sijui niujaze nini. Andiko langu la kwanza lilikuwa salamu tupu. Niliwasalimu watu nisiowajua, nikawauliza hali, nikawaaga. Ulinipigia unacheka mpaka unakohoa. Halafu ukanifundisha taratibu, kama mimi nilivyokuwa nikikufundisha kukuna nazi bila kujikuna vidole. Uliniambia nisihangaike na makubwa. Nianze ninapoamka mpaka ninapolala, nikamate kitu kimoja tu kilichonifanya nisimame, niandike hicho, vingine niviache vipite. Nikakuuliza, je nikikosa? Ukasema, "Andika kama unaniambia mimi."

Basi nikawa nakuambia wewe. Nilikuambia habari za yule mbeba mizigo aliyelala juu ya mkokoteni wake pale Msimbazi, honi zinapigwa, watu wanamzunguka, na mwenye duka katoka kamwekea boksi lililofunguliwa limkinge jua usoni, kisha karudi dukani. Nilikuambia siku mvua ilipotukuta na pilipili imeanikwa, tukashika turubai wanawake wanne, mmoja hata simjui, alikuwa anapita zake. Nilikuambia jinsi ya kumjua muuza iliki ya zamani, kwamba hapendi uipasue. Watu wakaanza kusoma. Wengine wakawa wananijibu chini, wananiita mama. Ukaniambia niwashukuru, na kama sina la kusema nibonyeze kile kikopa chekundu, moyo wa kupenda, inatosha.

Mwanangu, nilianza kuvipenda vile vikopa. Hili sikukuambia. Zilikuja siku sina cha kuandika, nikawa nakaa mezani namwangalia kila mpita njia kwa tamaa, kama ananinyima kitu changu. Mteja kaja kununua karafuu, mimi namhoji habari za nyumbani kwake, mpaka Shomari akanikanya akasema mama, unawatisha watu. Nilicheka. Kumbe mtoto alikuwa ameshaona kitu.

Halafu baba yako akafariki.

Wewe ulikuwa umepasuliwa juzi yake. Mtoto alikaa vibaya, tukakesha na simu, na aliposalimika baba yako alizunguka uani na funguo zake kiunoni anawaambia watu wote amepata mjukuu. Aliamka akaenda Kariakoo, akafunga kibanda chake cha kuchonga funguo mapema, akasema kifua kinambana, na hakufika hospitali. Wewe uliambiwa na Idrisa ukiwa kitandani. Ulitaka kuinuka, wakakushika. Uliponipigia, sauti yako haikuwa ya mtu mzima, ilikuwa ile ya utotoni. Ukasema, "Mama, nililie baba na mimi." Nikakuahidi.

Sasa wewe unaijua hali yetu, lakini wanaosoma hawaijui, na kosa langu lote lilianzia hapo, kwa hiyo leo niwaambie. Baba yako alikuwa mpangaji mwenzangu humu kwa Bi Tatu, yeye Mnyamwezi na mimi Mzaramo, tulikuwa watani. Mtani akifa, mtani mwenzake ana kazi yake msibani. Wenye msiba wanalia, yeye anawachekesha. Anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, anamsema, anazuia maiti isitoke, anawasema mpaka wafiwa wenyewe, na hakuna anayekasirika. Asipofanya hivyo ndio watu wanauliza, kwani walikosana?

Na nikavaa koti la baba yako, nikafunga lile shada la funguo kiunoni, nikatembea uani kwa mwendo wake wa kuburuza kiatu kimoja. Nikajaribu funguo kila mlango, nikasema Mnyamwezi leo kajifungia ndani na ufunguo kauacha nje, nani atamchongea mwingine. Nikalala mlangoni, nikasema haendi mahali mpaka anilipe chumvi yangu aliyoazima. Watu walikuwa wanalia na kucheka kwa pamoja. Halafu nikasema na lile lako. Nikasema binti yake kajilaza Kigoma anakunywa uji wa pilipili manga, baba yake huku anakula udongo, na kuja kumzika kaona uvivu.

Shangazi yako wa Tabora alinitupia kanga usoni. Akasema, "Mzaramo wee, pilipili manga yenyewe si uliisaga wewe ukaipeleka stendi ya basi?" Uani pote palilipuka. Kwa sababu kila mtu aliyekuwepo anajua umepasuliwa, anajua nilivyoisaga ile pilipili huku nalia, anajua uliomba utoke na mshono mbichi. Tulicheka kwa ajili yako, mwanangu, si kwa kukucheka. Baada ya pale jeneza likatoka, nikaingia chumbani nikakulilia kama nilivyokuahidi.

Ningeishia hapo ningekuwa sina la kukuandikia leo.

Wageni walipoondoka nyumba ikawa kimya. Nilikuwa siku nyingi sijaandika, na nikasema moyoni, hiki ndicho kitu kilichonifanya nisimame. Niliandika yote. Koti, funguo, chumvi, na lile la uji. La mshono sikuliandika. La shangazi kunitupia kanga sikuliandika pia, niliona linanipunguzia sifa. Nilisema mimi ni mtani mara moja tu, basi, kana kwamba wanaosoma wamekaa nami uani wanamenya vitunguu.

Wakasoma. Hawajawahi kusoma vile. Wengi walicheka. Halafu mmoja akaandika kwamba huyo binti hana haya, baba mzazi anazikwa, yeye anakunywa uji. Mwingine akasema watoto wa siku hizi wakishaolewa mbali ndio basi. Mwingine akasema ningekuwa mimi ningemwekea laana. Na mimi, Zena, niliyekunyonyesha, niliwabonyezea kikopa wote.

Ningeweza kusema kidole kiliteleza, ungeniamini, unajua macho yangu. Lakini niliyasoma. Niliyasoma nikayaelewa. Nilijua nikianza kueleza habari za mshono andiko litapoa, na watu walikuwa wanafurahi, na nilikuwa nafurahi kwamba wanafurahi. Nikajiambia kesho nitaeleza. Hiyo ndiyo aibu yangu, iko hapo. Ile ya kusema msibani haiko nami, ile nilitumwa na mila. Hii nilijituma mwenyewe.

Nikapata ujumbe wako wa sauti. Hukunigombeza. Nilitamani ungenigombeza. Ulisema, "Mama, wale walioandika pale chini ni watu wa nyumbani?" Halafu nikasikia mtoto analia kwa nyuma, ukakata.

Nilikupigia hukupokea. Nikapiga tena. Siku ya pili Idrisa akapokea, akanisalimia kwa heshima zote, shikamoo mama, akaniambia umepumzika. Nikamwambia ukiamka akuambie nimepiga. Akasema umemwambia hutakuja tena Magomeni, si kwa arobaini ya baba wala kwa kumleta mtoto, kwa sababu huwezi kuingia nyumba ambayo watu wake wanakuona hivyo. Nilitaka kumwambia si watu wa nyumbani, lakini nilikumbuka vikopa vyangu, nikamuaga. Mimi ni mtu wa nyumbani, na mimi nilibonyeza.

Nikampa Rehema simu alisome lile andiko kwa sauti uani, nijue nimefanya nini. Walikuwepo wale wale waliocheka msibani. Rehema anasoma taratibu, sauti yake nyembamba, hana koti, hana funguo, hana mwendo wa kuburuza kiatu. Hakuna aliyecheka. Alipofika kwenye uji, Mama Neema aliinuka akaingia ndani. Rehema mwenyewe akashusha simu akasema hapa mama sisomi. Mimi nilikuwa nasikiliza kama mtu mwingine kabisa anamtukana mwanangu, na nilitaka kuuliza ni nani huyo. Bi Tatu akasema, "Shangazi yake alikujibu hapa hapa. Zena ulimwachia nani wa kujibu?" Akajiburuza akaenda zake.

Toka hapo hawanisemi. Wananipa chai, wananipisha bafuni, wananiuliza mgongo umeamkaje. Ni upole ule wa kumpa mgonjwa. Ningependa wanitanie kidogo.

Nimekaa nikakumbuka siku uliyorudi shuleni na karatasi ya hesabu imejaa wino mwekundu. Ulikuwa darasa la tatu. Mimi kwa mazoea nikakudaka mlangoni, nikasema pagazi yeye anahesabu mizigo tu, hesabu za ubaoni atazitoa wapi. Kila siku ulikuwa unanijibu, Mzaramo mla nazi, na tunaendelea. Siku ile hukujibu. Midomo ilitetemeka ukasimama na karatasi yako. Baba yako akaweka tupa chini, akasema, "Mtoto leo anataka mama. Mtani apumzike." Nikakushika, ukalilia kifuani kwangu mpaka gauni likalowa, Shomari naye akalia kwa kukuona unalia, hajui hata kwa nini.

Mama yako mzazi alipotangulia mbele ya haki ulikuwa bado huna hata jino. Baba yako alikuja mlangoni kwangu amekubeba kama anavyobeba kitu cha kioo, hakusema utani wowote. Nikamweka Shomari huku, wewe huku. Ndio maana kwangu una nafasi mbili. Kwa ziwa ni mwanangu, kwa baba yako ni mtani wangu, na nafasi hizi zote nilizimudu miaka yote kwa sababu nilikuwa nakuangalia usoni. Nikiona midomo imetetemeka ninaacha. Kwenye simu sikuuona uso wako, na wewe ulikuwa umelala na kidonda na mtoto mchanga, baba hayupo, unasoma peke yako. Ulikuwa unataka mama. Nikakupelekea mtani, tena mtani asiyengoja jibu. Ulinifundisha niandike kama nakuambia wewe. Lile andiko sikukuambia wewe, nilikusema wewe kwa wengine.

Kwa hiyo wewe mpita njia uliyemwambia mwanangu hana haya, nakujibu leo, nimechelewa. Mwanangu alikuwa amepasuliwa. Aliomba aje, akashikwa mikono. Alinituma nimlilie. Hana deni na mtu hapa. Kile kikopa changu nimekiondoa, na andiko nimelifuta kwa mkono wangu, lakini najua wewe uliyelisoma hukufutika, na pengine umeshamsimulia mwenzio. Msimulie na hili.

Na wewe Zena, swali lako nalijibu. Wale walioandika pale chini, hakuna hata mmoja wa nyumbani. Sijawahi kuwaona, hawajui hata baba yako alikuwa anachonga funguo Kariakoo toka huna akili. Wa nyumbani ni hawa niliowataja juu kwenye salamu. Dua ya arobaini ya baba yako tumeisogeza mbele mpaka utoke arobaini yako mwenyewe, uje na mtoto. Shangazi yako amekubali, atarudi kutoka Tabora. Chumba kiko tayari. Ukiona kulala kwangu bado hakuwezekani, Bi Tatu amesema utalala kwake, nami sitakasirika. Nitakaa mezani Kariakoo mpaka utakaponiita.

Nimefikiri nikuombe nini. Radhi nakuomba, lakini sitaki unipe haraka kwa sababu mimi ni mkubwa na unaona haya kuninyima. Nakuomba zamu yako. Shomari amekufungulia njia ya kuandika hapa Uani, atakutumia neno la siri. Andika. Ukitaka niandikie kama mwanangu uliyeumizwa. Ukitaka niandikie kama Mnyamwezi, unitanie mpaka Magomeni yote wajifunike nyuso, mdomo wangu, ngoma zangu, tamaa yangu ya vikopa, unayajua yote, nami nitalisoma mwenyewe kwa sauti uani watu wakiwepo, sitaruka hata neno. Sitaandika kitu hapa mpaka uwe umeandika wewe. Na ikiwa jibu lako ni kwamba huji, liandike hilo hilo, nilijue.

Nakungoja, mwanangu. Nitumie neno upesi, lolote utakalo, kabla sijakata tamaa ya kulipata.

Mimi mama yako wa ziwa,
na mtani wako,
Mama Shomari